Fundi wa Kalibu: Maisha ya Johannes Gutenberg na Deni Lililomwangusha

Asomaye kitabu huangalia maneno, na ni wachache waiangaliao herufi yenyewe wakajiuliza: hii, kabla haijawa wino juu ya karatasi, ilikuwa kitu gani? Kwa muda wa karne nyingi herufi ya kitabu ilikuwa ni kipande kidogo cha madini. Kiliyeyushwa motoni, kikasubiwa katika kalibu, kikapoa, kikasuguliwa kwa tupa, kisha kikapangwa pamoja na wenziwe kwa maelfu, kikapakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Na mtu aliyeipatia Ulaya njia hiyo ya kusubu herufi ni Johannes Gutenberg, mwenyeji wa mji wa Mainz, ulio kando ya mto Rhine katika nchi ambayo leo ni Ujerumani.

Tumeona yafaa kuyaeleza maisha ya mtu huyu, ijapokuwa si wa dini yetu wala si wa nchi yetu, kwa mambo mawili. La kwanza ni kuwa watu humsifu kwa mtambo wa kupigia chapa, ilhali fahari yake kubwa haikuwa mtambo bali kalibu, yaani chombo kinachozaa vyombo. La pili ni kuwa fundi huyu hakuangushwa na upungufu wa ufundi. Aliangushwa na deni la riba na mapatano ya mdomo. Na hayo ni maradhi ambayo hata leo twayaona katika miji yetu ya Pwani, yakiingia nyumba za mafundi na wachuuzi, yakitoka na cherehani, na chombo cha bahari, na hati ya shamba.

Yatupasa kwanza kuwapa haki wenye haki. Gutenberg si wa kwanza duniani kupanga herufi zinazotenguka. Katika nchi ya China, karne nne kabla yake, mtu aliyeitwa Bi Sheng alifanya herufi za udongo uliochomwa. Na katika Korea kilipigwa chapa mwaka 1377 kitabu cha dini ya Budha kiitwacho Jikji, kwa herufi za madini zilizosubiwa. Sehemu ya kitabu hicho ingaliko mpaka leo, imehifadhiwa Paris. Walakini habari za ufundi huo hazionekani kuwa zilifika Mainz, na njia aliyoitoa Gutenberg ilikuwa ni yake mwenyewe.

Alizaliwa Mainz karibu na mwaka 1400, katika jamaa ya wenye cheo. Mji huo ulikuwa na ugomvi mkubwa baina ya jamaa za wenye cheo na vyama vya mafundi, kugombania kodi na madaraka. Na ugomvi huo uliwahamisha wengi. Yeye naye aliuacha mji wake, na kufikia mwaka 1434 alikuwa akikaa Strasbourg, mji mwengine ulio kando ya mto ule ule. Huko ndiko tunakomkuta akifanya kazi ya madini.

Kazi yake iliyojulikana huko ilikuwa ni kusubu vioo vidogo vya kuuziwa mahujaji. Manasara wa zama zile walikuwa wakizuru mji wa Aachen kila baada ya miaka saba kuangalia masalio yaliyohifadhiwa kanisani, na kwa wingi wa watu wengi hawakuweza kukaribia. Basi wakiinua kioo juu, wakiitakidi kuwa kioo kitanasa baraka za kile walichokielekea. Sisi hatuitakidi hayo. Bali lililo muhimu kwetu hapa ni ufundi. Ili kuvipata vioo maelfu kwa maelfu vya sura moja, sharti ufanye kalibu moja nzuri, kisha umimine, na ufungue, na umimine tena. Gutenberg alishirikiana na watu watatu, nao ni Hans Riffe, Andreas Dritzehen na Andreas Heilmann. Walitazamia ziara ya mwaka 1439. Ikaja tauni, ziara ikaahirishwa mpaka mwaka 1440, na fedha zao zikakwama katika bidhaa isiyokuwa na mnunuzi.

Mwishoni mwa mwaka 1438 Andreas Dritzehen akafa. Ndugu zake wakataka kuingizwa katika ushirika, Gutenberg akakataa, wakamshitaki mwaka 1439. Ushahidi uliotolewa katika shauri hilo ndio unaotufunulia kuwa chini ya vioo palikuwa na jambo jengine la siri. Mashahidi walitaja shindikizo. Walitaja chombo cha vipande vinne kilichoshikwa kwa parafujo mbili, ambacho Gutenberg aliagiza kifunguliwe vipande vitengane, mtu akikiona asijue ni cha nini. Walitaja maumbo yaliyoyeyushwa ili yasionekane. Na sonara mmoja, Hans Dünne, alieleza kuwa tangu karibu miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amepata kwa Gutenberg kiasi cha gulden 100, yaani sarafu za dhahabu za nchi ile, kwa kazi za kupiga chapa peke yake. Makadhi walihukumu kwa haki ya Gutenberg, akatakiwa kuwapa warithi gulden 15 tu. Kwa kuwa masharti ya ushirika ule yalikuwa yameandikwa, na maandishi hayo yakamfaa. Msomaji na alishike neno hili, kwani tutalirejea.

Sasa na tuitazame shida iliyokuwa mbele ya fundi huyu. Ukurasa mmoja wa kitabu kikubwa wataka herufi elfu mbili na zaidi. Zote lazima ziwe na kimo kimoja. Iliyo fupi kuliko wenziwe, wino wake hautafika kwenye karatasi, na iliyo ndefu itaitoboa. Lazima vile vile ziwe sawa mgongo na tumbo, ili mistari ikae sambamba. Walakini upana wake hauwezi kuwa mmoja, kwani herufi ya i ni nyembamba na ya m ni pana. Mtu akisema atachonga kila moja kwa mkono, umri wake utakwisha na kitabu hakijakwisha, wala hatapata mbili zilizo sawa.

Njia inayonasibishwa kwake, ambayo wasubuji wa herufi waliifuata kwa karne nyingi baada yake, ni hii. Kwanza, herufi huchongwa kinyume, kwa tupa na patasi nyembamba, katika ncha ya kijiti cha feleji. Huo ndio muhuri. Pili, muhuri hupigwa kwa nyundo juu ya kipande cha shaba, shaba ikabonyea na kushika umbo la herufi. Kipande hicho twaweza kukiita mama wa herufi, kwa kuwa humo ndimo watakamotoka watoto wote. Tatu, mama huyo hutiwa chini ya kalibu ya mkono. Kalibu hiyo ni pande mbili zinazofumbatana, zilizofanywa kwa hisabu hata zikaweza kusogezwa karibu au mbali kwa kufuata upana wa kila herufi, na kimo na unene visibadilike kamwe. Nne, madini yaliyoyeyuka humiminwa kwa upawa mdogo, hupoa kwa muda mfupi, pande mbili hufunguliwa, na herufi hutoka. Kisha hukatwa kijipande kilichoganda mdomoni mwa kalibu, ikasuguliwa, ikawa tayari.

Madini yenyewe yalikuwa na elimu yake. Risasi huyeyuka upesi, lakini ikiwa peke yake ni laini, na ikipoa hunywea. Ndiyo sababu wasubuji wa herufi huichanganya na bati na antimoni, madini ambayo jiwe lake wazee wetu walilijua kwa jina la ithmidi na wakilisaga kuwa wanja. Bati huyasaidia madini kutiririka mpaka pembe za ndani za umbo. Antimoni huyafanya magumu na kuyazuia yasinywee sana. Lakini angalia: risasi, bati na antimoni zapatikana sokoni kwa kila mwenye fedha. Kisichopatikana sokoni ni usawa wa kalibu. Kalibu ikikosea kwa unene wa unywele, kila herufi itakayotoka humo itakosea kama ilivyokosea yenyewe. Na ikinyoka, zitanyoka zote. Sonara yeyote wa miji yetu alijua hivyo: pambo baya halitoki katika dhahabu mbaya tu, hutoka pia katika kalibu mbaya.

Kalibu aliyoishika Gutenberg mkononi haikubakia. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Princeton, Paul Needham na Blaise Agüera y Arcas, walizipima kwa kompyuta herufi za chapa za mwanzo zinazonasibishwa kwake. Wakaona kuwa herufi moja ina sura nyingi zinazohitilafiana kidogo, wakatoa rai ya kuwa huenda mwanzoni alitumia kalibu za mchanga au kitu mfano wake, zinazovunjwa kila baada ya kusubu, na mama wa shaba akaja baadaye. Wajuzi wa fani hiyo wangali wanajadiliana. Na ikiwa rai hiyo ni sahihi, basi heshima ya Gutenberg haipungui. Yaonesha kuwa ufundi huo haukushuka mzima mzima, bali ulipanda daraja kwa daraja.

Mwaka 1448 alikuwa amekwisha kurejea Mainz, na hapo twaanza kuziona hati za madeni. Mwaka huo jamaa yake, Arnold Gelthus, alimdhamini akapata gulden 150 kwa riba ya tano katika mia. Kabla ya hapo, mwaka 1442, alikuwa amekopa kwa watu wa kanisa la Mtakatifu Thomas huko Strasbourg. Kisha mwaka 1450 akamwendea tajiri wa Mainz, Johann Fust, akapewa ahadi ya gulden 800 kwa riba ya sita katika mia, na vyombo vitakavyotengenezwa kwa fedha hizo viwe rehani. Mwaka 1452 Fust akatoa gulden 800 nyengine, kwa kazi ya vitabu. Hizo zilikuwa fedha za kununulia nyumba kadhaa mjini.

Zilikwenda wapi? Zilikwenda katika feleji na shaba na risasi, katika karatasi na ngozi, katika kodi ya nyumba na ujira wa watu, miaka mitano mizima kabla ya kitabu kikubwa kutoka. Kazi ya kalibu ndivyo ilivyo: hula kwanza, na kulipa mwisho. Katika muda huo karakhana yake ilitoa vitabu vidogo vya sarufi ya Kilatini kwa wanafunzi. Na mwaka 1454 zikatoka mjini humo hati za msamaha ambazo kanisa likiziuza ili kukusanya fedha za kukilinda kisiwa cha Cyprus na Waturuki, pamoja na kalenda ya kuwahimiza Manasara juu ya Waturuki. Kwani Konstantinopoli ilikuwa imefunguliwa mwaka 1453. Twalitaja hili bila ya chuki, kwa kuwa lina mafunzo: herufi haina dini. Humtumikia yule aliyeishika, na asiyeishika huandikwa na wengine.

Kitabu kikubwa kilikuwa ni Biblia ya Kilatini, yenye mistari 42 katika kila safu, kurasa karibu 1,280. Maumbo ya herufi na alama zilizosubiwa kwa kazi hiyo yanakisiwa kuwa kiasi cha 290, kwa kuwa alitaka upana mbali mbali wa kuilinganisha mistari, ifanane na mkono wa katibu hodari. Nakala zilizotolewa zilikuwa kama 180, na leo zimebaki 49, nyengine pungufu. Mwezi wa Oktoba 1454 kurasa zake zilionekana Frankfurt, na walioziona walistaajabu kwa unadhifu wake.

Ilipokuwa kazi imefika ukingoni na faida inakaribia kuingia, Fust akadai. Alidai gulden 2,026. Hisabu yake ilikuwa hivi: 800 za kwanza na riba yake 250, 800 za pili na riba yake 140, na 36 juu ya hizo, nazo zilikuwa riba ya riba. Gutenberg akajibu kuwa 800 za kwanza hazikumfikia zote kwa mara moja, na kwamba Fust alimwambia kwa mdomo kuwa hatamtaka riba. Na 800 za pili, akasema, hazikuwa mkopo bali mali ya ushirika, naye yu tayari kutoa hisabu yake.

Msomaji aliyeshika neno letu la Strasbourg ataona tafauti. Kule mapatano yaliandikwa, yakamuokoa. Hapa ahadi ya kusamehewa riba ilikuwa upepo, na upepo haushikiki mbele ya kadhi. Mtu aliyekuwa akiwapa watu wote maneno ya chuma alikuwa hana karatasi moja ya kujitetea mwenyewe.

Makadhi waliamua Gutenberg atoe hisabu, na kwamba Fust akiapa kuwa fedha hizo naye alizikopa kwa riba, basi riba ilipwe. Tarehe 6 Novemba 1455, katika ukumbi wa watawa wa Kifransiskani wa Mainz, Fust aliapa kuwa alikopa gulden 1,550, na mwandishi wa hati, Ulrich Helmasperger, akaandika. Gutenberg hakuhudhuria, aliwatuma watumishi wake wawili, pamoja na kasisi mmoja, wasikilize. Miongoni mwa waliosimama upande wa Fust alikuwa Peter Schöffer, katibu hodari aliyekuwa akifanya kazi katika karakhana ya Gutenberg, na ambaye baadaye alimuoa binti wa Fust. Mwaka 1457 ikatoka Zaburi yenye chapa nzuri mno, kitabu cha kwanza cha Ulaya kilichopigwa ndani yake tarehe na majina ya wapiga chapa. Majina hayo ni mawili: Fust na Schöffer. Jina la Gutenberg halimo katika kitabu chochote kilichotoka mikononi mwake.

Baada ya hapo hali yake ilikuwa ya dhiki. Mwaka 1458 akashindwa hata kulipa riba ya deni la Strasbourg. Mwezi wa Oktoba 1462 mji wa Mainz ulivamiwa katika vita vya maaskofu wawili waliogombania kiti, watu wakafukuzwa, na mafundi wa chapa wakatawanyika. Na elimu ya kalibu ikatawanyika pamoja nao, hata kufikia mwaka 1500 ilikuwa imeingia katika miji zaidi ya 200 ya Ulaya. Mwaka 1465 Askofu Mkuu Adolf, yule yule aliyeuvamia mji, alimpa Gutenberg cheo cha barazani, na kila mwaka nguo, nafaka na mvinyo, kama ilivyo ada yao. Akafa mwezi wa Februari 1468 au karibu yake.

Mwezi huo huo, mtu mmoja aitwaye Konrad Humery alitia mkono hati ya kupokea maumbo, herufi, na vyombo vya kupigia chapa alivyoviacha Gutenberg. Na hati yasema kuwa vyombo hivyo ni mali ya Humery. Basi huyu aliyeupa ulimwengu kalibu, siku ya kufa kwake hata kalibu iliyokuwa nyumbani mwake haikuwa yake.

Sasa twasemaje? Twasema kuwa tajiri hakukosa kwa kutoa mali, kwani bila ya mali yake Biblia ile isingetoka. Wala fundi hakukosa kwa kuhitaji. Ubaya uko katika namna walivyofungamana. Riba humfanya tajiri apate faida hata fundi akiumia, na humfanya fundi alipe hata kazi ikiwa bado i katika moto. Sheria yetu imefungua mlango mwengine: mmoja atoe mali, mwengine atoe kazi, faida wagawane kwa kiwango walichopatana, na mali ikipotea bila ya uzembe, mwenye mali apoteze mali yake na fundi apoteze jasho lake. Kwa mapatano kama hayo Fust angesubiri vitabu viuzwe, na Gutenberg angebaki na kalibu yake. Na Sheria hiyo hiyo imetuamrisha kuandika deni, likiwa dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Haya twayasoma misikitini tangu utotoni. Kisha twatoka nje tukakopeshana kwa kupeana mikono, na siku ya ugomvi kila mmoja aapa.

Na tusisahau nafsi zetu. Kitabu cha kwanza kinachojulikana kupigwa chapa kwa herufi za Kiarabu zenye kutenguka kilitoka Fano, Italia, mwaka 1514, nacho ni cha sala za Manasara. Mayahudi walikuwa na matbaa yao Istanbul mwaka 1493. Waislamu wa mji huo walipata idhini ya Sultani Ahmed wa Tatu mwaka 1727, kwa fatwa ya Sheikh al-Islam, na Ibrahim Müteferrika akatoa kitabu cha kwanza mwaka 1729. Hata hapo idhini haikuingiza vitabu vya dini. Ni kweli kuwa herufi zetu zina taabu yake, kwani moja hugeuka sura mwanzo, kati na mwisho, na mihuri yake ni mingi zaidi. Lakini taabu ya kalibu haikuwa ya miaka zaidi ya 270. Katika upande wetu huu, Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja baina ya 1870 na 1888, alileta matbaa na kupiga chapa vitabu vya elimu. Na mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akatoa Al-Islah hapa Mombasa. Wote hao walivuna mti uliopandwa katika moto wa Mainz.

Leo herufi za risasi zimeondoka katika matbaa nyingi, na kompyuta imeshika mahali pake. Kalibu imebadilika sura, lakini hukumu yake ni ile ile: mwenye kufanya chombo kinachozaa vyombo ndiye anayekwenda mbele, na wengine hununua kwake. Basi akitokea kijana katika mtaa wetu mwenye mkono wa kufanya kitu kama hicho, na awe anafua, anasubu, au anakokotoa hisabu, asiachwe aende peke yake kwa mla riba. Wenye mali na wamshirikiane, na waandike. Wa billahi ttawfiq.